Taa za Gari Kuukuu na Barua Isiyovuka Bahari



Wengi wetu huku pwani tuna ndugu, wakwe au biashara upande wa Garissa, na wenzetu wa Garissa wana watoto wanaosoma Mombasa. Njia inayotuunganisha ni ile inayopanda kutoka Malindi, ikapita Garsen, Hola na Bura, ikafika Madogo, kisha ikavuka daraja la mto Tana na kuingia mjini. Wanaotoka Nairobi hupitia Thika na Mwingi hadi Madogo hiyo hiyo. Mbele ya Garissa njia huendelea hadi Dadaab na Liboi, au hupanda kwenda Modogashe, Wajir na Mandera. Zinapofika siku za harusi na likizo za shule, familia nzima hujipakia katika gari moja, watoto mapajani na mizigo nyuma, na mara nyingi gari lenyewe ni kuukuu. Juma hili tuzungumze juu ya kitu kimoja katika gari hilo ambacho aghalabu hatukikumbuki mpaka jua lizame, nacho ni taa.

Giza la njia ile

Garissa iko karibu mno na ikweta. Mwaka mzima Magharibi huingia karibu na saa kumi na mbili na nusu, na jua likishazama giza halikawii. Familia iliyoondoka Malindi baada ya Adhuhuri, ikasimama kula na ikasubiri kwenye vizuizi vya polisi, itakutwa na usiku njiani. Nje ya miji hakuna taa za barabarani. Kuna vumbi, kuna lori lililoharibika likaachwa ukingoni na matawi ya mti kuwa ndiyo alama yake, kuna punda, mbuzi na twiga. Zaidi ya wote kuna ngamia.

Ngamia ana miguu mirefu na mwili ulioinuka. Taa za gari dogo huiangaza miguu tu, nayo ni myembamba na ina rangi ya vumbi, hali mwili wake uko juu ya mwanga, gizani. Gari likimgonga, bampa huizoa miguu, na mwili mzima wa mnyama huangukia kioo cha mbele na paa, juu ya vichwa vya waliokaa. Nchi zinazofuga ngamia kama Saudia na Oman zinaujua msiba huu tangu zamani, na madaktari wao wameandika sana juu ya majeraha ya shingo na uti wa mgongo yanayotokana nao.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Taa za karibu, zile madereva waziitazo dimu, zikiwa nzima na zimepangwa sawa, huonyesha barabara kiasi cha mita 40 hadi 60. Kwa mwendo huo, kwenye lami kavu na breki njema, gari huhitaji yapata mita 53 kusimama, tangu dereva aone hatari hadi magurudumu yatulie. Basi hata gari zima halina akiba kubwa. Sasa lifikirie gari ambalo taa zake zimefifia. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za magari ya zamani yaliyoota ukungu wa manjano, kikakuta kwamba zilitoa takriban sehemu moja kwa tano tu ya mwanga wa taa mpya. Dereva wa gari kama hilo humwona ngamia wakati ambapo breki haimfai tena.

Mtu atasema: basi tusisafiri usiku. Ni shauri jema, na anayeweza kulifuata na alifuate. Lakini si kila safari ya usiku ni ya hiari. Mama aliyeshikwa na uchungu saa nne za usiku kijijini hawezi kuambiwa angoje Alfajiri. Gari litakalopatikana kumfikisha hospitali ya Garissa huenda likawa Probox ya jirani, na uhai wa watu wawili utategemea mwanga wa gari hilo. Kwa sababu hiyo taa za gari la jirani nazo zinatuhusu.

Kinachoziua taa

Taa ya gari haifi kwa sababu moja. Kwanza ni kioo chake. Tumezoea kukiita kioo, lakini katika magari ya miaka hii ni plastiki ngumu iliyopakwa utando wa kuikinga na jua. Utando huo ukiliwa na jua, plastiki hugeuka ya manjano, na upepo wenye mchanga huikwaruza ikawa kama karatasi ya msasa. Jua la Garissa halina huruma katika jambo hili. Wako wanaoisugua taa kwa dawa ya meno. Hung'aa kwa siku chache, kisha hurudi vile vile, kwa sababu utando wenyewe haupo tena. Tiba ya kweli ni kusuguliwa na fundi kwa msasa laini na kupakwa utando mpya, au kubadilishwa taa nzima.

Pili ni balbu. Magari mengi ya zamani yanatumia balbu ya halojeni aina ya H4, ambayo ina nyuzi mbili ndani yake: moja ya wati 55 kwa taa za karibu, na nyingine ya wati 60 kwa taa za mbali, yaani ful. Balbu hii haitakiwi kushikwa kioo chake kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi huifanya ipate moto mahali pamoja na kufa mapema. Wako vijana wanaotia balbu za wati 100 wakidhani wamepata nuru zaidi. Waya za gari hazikufanywa kwa mzigo huo, kwa hiyo soketi huyeyuka, na siku moja taa zote mbili huzimika kwa pamoja. Wengine huchomeka balbu nyeupe za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni. Mwanga wake hutawanyika ovyo, ukampofusha anayekuja mbele, na barabara yenyewe isionekane vizuri.

Tatu ni umeme. Gari lililoishi Mombasa, Malindi au Lamu lina chumvi ya bahari katika viungo vya waya zake. Likiuzwa Garissa huenda na kutu yake. Maji nayo ni adui. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na ya Aprili 2024 yalipoifunika njia ya Madogo, wengi walishuhudia maji ya Tana yalivyofika palipokuwa lami. Gari lililowahi kuzamishwa mbele yake katika maji kama hayo huweza kukaa miezi bila dalili, kisha kutu ikafanya kazi yake ndani ya soketi na rilei. Dalili za ugonjwa huu ni taa moja kuwa hafifu kuliko mwenziwe, au taa kupepesa gari linaporuka shimo.

Nne ni mpango wa taa. Probox iliyojazwa magunia nyuma huinua pua yake. Taa zilizokuwa zikiangalia barabara sasa huangalia juu, zikamwumiza macho anayekuja, na mita 30 za mbele zikabaki giza. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kidude cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, ambacho kazi yake ni kuziteremsha taa gari linapobeba mzigo. Madereva wengi hawajui kipo.

Tano ni taa isiyokuwa ya nchi hii. Sisi tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani na Waingereza. Taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama zile za Ghuba na Ulaya bara, zimepinda mwanga wake uinuke upande wa kulia, ili kumulika ukingo wa njia yao. Zikifungwa huku, mwinuko ule huelekea moja kwa moja machoni pa dereva anayekuja. Ukinunua taa iliyotumika, mwulize muuzaji imetoka gari la usukani upi.

Mwito wa kiwandani

Kasoro tulizozitaja zinatokana na umri na matumizi. Ipo aina nyingine, nayo ni ile iliyozaliwa na gari lenyewe. Kiwanda hutengeneza magari maelfu, yakauzwa, kisha baada ya miaka ikagundulika kwamba kipande fulani ndani yake ni kibovu tangu mwanzo. Hapo kampuni hutoa mwito: wenye magari ya namba kadhaa hadi kadhaa wayarudishe kwa wakala, yatengenezwe bila malipo.

Taa nazo zimewahi kuitiwa. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari zaidi ya 300,000, mengi yakiwa ya miaka ya 2005 hadi 2009, kwa sababu kisanduku cha umeme kinachoongoza taa za mbele kilikuwa kikipata moto kupita kiasi. Taa za karibu zilizimika, mara kwa kitambo, mara moja kwa moja. Taa za mbali ziliendelea kufanya kazi, jambo tutakalolirudia hapa chini.

Mwaka 2019 Subaru iliyaita magari zaidi ya milioni 2 duniani, yakiwemo Impreza na Forester ambazo tunaziona kila siku katika barabara zetu. Kisa chake kinastahili kusikilizwa na kila nyumba. Swichi inayowasha taa nyekundu za breki iliweza kuharibiwa na mvuke wa silikoni, na mvuke huo hutoka katika vitu vya kawaida kabisa: dawa za kung'arishia gari, dawa za kulainisha nguo, vipodozi. Taa za breki zikafa, na anayefuata nyuma asijue kwamba gari la mbele linasimama. Kosa halikuwa la mama aliyejipaka mafuta mazuri akapanda gari. Lilikuwa la swichi isiyostahimili. Lakini ni nani hapa kwetu angeweza kulibuni bila kuambiwa?

Mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari haukuhusu taa. Ulihusu mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani na kufungwa katika magari ya makampuni mengi, Honda, Toyota, Nissan na mengineyo. Dawa iliyotiwa ndani ya kifumuzi cha mfuko iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ajali ilipotokea kifumuzi kilipasuka na kurusha vipande vya chuma kwa waliokuwa ndani. Watu wasiopungua 30 wamekufa duniani, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Tunautaja kwa sababu joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu.

Si kila ubovu huitiwa. Wamiliki wa Toyota Prius za mwaka 2006 hadi 2009 nchini Marekani walilalamika kwamba taa zao huzimika ghafla usiku na kurudi zikizimwa na kuwashwa tena, na malalamiko yao yakafika mahakamani. Kwa hiyo mtu asiridhike kwa kuambiwa tu kwamba gari lake halimo katika orodha ya mwito.

Barua isiyovuka bahari

Mwito unapotolewa, kampuni humwandikia barua mwenye gari. Inamjua kwa jina na anwani yake, kwa kuwa gari limesajiliwa katika nchi yake. Lakini gari likishapigwa mnada Japani, likapakiwa melini na kushushwa Mombasa, anwani ile imekwisha maana. Barua itapelekwa kwa mtu wa Osaka aliyekwisha kuliuza. Mama wa Garissa aliye ndani ya gari hilo leo hatapata habari, na kampuni haijui kwamba yupo.

Sheria yetu ya viwango inataka gari lililotumika linaloingizwa nchini lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Hiyo ni siku ya kuingia. Likishaingia huuzwa mara ya pili, ya tatu na ya nne. Mara nyingi huanzia Nairobi au Mombasa, na kadiri linavyochakaa ndivyo linavyosogea mbali na gereji kubwa. Gari lililoshushwa mwaka 2010 likiwa na miaka 7 sasa limepita miaka 20. Katika umri wote huo miito mitatu au minne inaweza kuwa imetolewa juu yake, na mwenyewe asisikie hata mmoja.

Jambo hili si lazima liwe hivi. New Zealand hununua magari yaliyotumika kutoka Japani kama sisi, na huendesha kushoto kama sisi. Mwaka 2018 serikali yake iliamuru kwa lazima kwamba magari yenye mifuko ya Takata ya aina ya hatari zaidi yarudishwe kutengenezwa, pamoja na yale yaliyoingizwa yakiwa yametumika. Wenye mamlaka waliona kwamba gari likibadilisha nchi, kasoro yake haibaki nyuma. Hapa kwetu gari hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, na idara ya viwango inalisimamia hilo. Lingekuwa jambo dogo kwa hati ya ukaguzi kuonyesha pia kama miito ya gari hilo imetekelezwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Viongozi wetu wanapokuja kwetu na waulizwe: habari hizo ziko wapi kwa mnunuzi wa gari?

Mpaka hilo litimizwe, barua lazima tuitafute wenyewe. Kila gari lina namba ya chesisi, imeandikwa katika kitabu cha gari na kugongwa kwenye bodi. Gari lililouzwa kwanza Japani huwa na herufi chache na tarakimu, kwa mfano likianza na NZE141 kwa baadhi ya Fielder au NCP51 kwa baadhi ya Probox. Kwanza hakikisha namba iliyo kitabuni ndiyo iliyo kwenye bodi. Kisha makampuni makubwa ya Japani yana kurasa katika mtandao ambapo namba hiyo huingizwa na majibu yakatolewa kama kuna mwito. Kurasa hizo ni za Kijapani, lakini simu za leo hufasiri. Ndugu aliye Marekani akitaka kukusaidia kwa kuingiza namba katika tovuti ya serikali ya huko, mwambie kwamba tovuti hiyo hutaka namba ya herufi na tarakimu 17, na gari la soko la Japani halimo. Ukikuta mwito, wapelekee wakala wa kampuni hiyo nchini barua yenye namba ya gari, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo husahaulika.

Aibu ya bidhaa

Hapa inafaa tuguse upande mwingine, ule wa muuzaji. Mafundisho yetu ya biashara yako wazi: aibu ya bidhaa haifichwi. Mwenye kuuza kitu anachokijua kuwa kina kasoro hana budi kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kukirudisha. Wanazuoni wameliandikia mlango mzima. Tunalisikia katika darsa likitolewa mfano wa mnyama mgonjwa au nafaka iliyolowa, na tunalikubali. Lakini gari linapouzwa, mtu mcha Mungu huona ni werevu kulileta sokoni mchana, taa zimesuguliwa asubuhi ile kwa dawa ya meno, na taa ya onyo iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi imeng'olewa balbu yake.

Nafaka iliyolowa humtia mnunuzi hasara ya fedha. Gari linalozima taa usiku kati ya Bura na Madogo humtia hasara isiyolipika, na pamoja naye anayekuja upande wa pili, ambaye hakununua kitu kwa mtu. Anayeuza gari na aseme: taa ya kushoto hufifia, waya ziliwahi kuungua, gari liliwahi kuingia maji. Bei itashuka kidogo, naye atalala usingizi. Na anayenunua na aende kuliona mara mbili, mara moja mchana na mara moja baada ya Isha.

Mama mwenye gari

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wanaume peke yao. Garissa ina kina mama wengi wafanyabiashara, na wako waliokusanya fedha za ayuto, mchezo wa kupokezana, wakanunua gari na kumkabidhi kijana alifanyie kazi ya kubeba abiria au mizigo. Kila jioni hupokea hesabu yake. Ni kazi ya halali na yenye baraka. Lakini mwenye gari ndiye aliye na dhamana ya hali ya gari, hata asipojua kuliendesha. Kijana hataki kupoteza safari kwa ajili ya balbu, hasa ikiwa anadaiwa kiasi kile kile kila siku, gari liwe zima au bovu.

Basi mama mwenye gari na aweke sharti tangu mwanzo: fedha ya taa haikatwi katika ujira wa dereva, hutoka katika mfuko wa gari. Balbu mbili za akiba na fyuzi zikae ndani ya gari daima. Balbu moja ikifa zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Na mara moja kila mwezi gari lipelekwe mbele ya ukuta wakati wa usiku, likae umbali wa mita 5, taa za karibu ziwashwe. Mwanga wa taa zote mbili uwe sawa kwa nguvu, na uanguke chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Kazi hiyo haihitaji fundi wala ujuzi wa kuendesha. Inahitaji macho.

Dakika mbili za Magharibi

Kwa abiria, safu hii ina pendekezo moja. Gari letu la safari husimama kwa ajili ya sala ya Magharibi. Ndio wakati hasa ambapo mchana unageuka usiku. Watu wakishamaliza kusali, kabla ya kupanda, dereva na awashe taa zote, na mmoja wetu alizunguke gari. Mbele: taa za karibu mbili, kisha taa za mbali mbili. Pembeni: viashiria vya kulia na kushoto. Nyuma: taa nyekundu mbili, kisha dereva akanyage breki tuone zikizidi kung'aa. Vioo vya taa vifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji, na kioo cha mbele kifutwe ndani na nje. Dakika mbili zinatosha.

Wengine wataona haya kumwambia dereva, hasa akiwa mtu mzima. Haya hiyo huondoka kwa maneno mazuri. Mwenye umri wa baba yako mwambie, "Adeer, tafadhali tuwashie taa tuzione kabla hatujaondoka." Kijana mwambie, "Mwanangu, hebu kanyaga breki nikuangalizie." Maneno "nikuangalizie" yana faida, kwani humwonyesha kwamba umekuja kumsaidia. Dereva mwema atashukuru, maana hawezi kuziona taa zake za nyuma akiwa ameketi mbele. Akikataa kwa ukali, hapo mmepata habari muhimu juu ya mtu mnayemwachia roho zenu, na bado mko mahali penye watu na mwanga.

Ikigundulika kwamba taa moja ya mbele haiwaki, isisemwe kwamba moja inatosha. Gari lenye taa moja, likionekana kwa mbali gizani, hudhaniwa ni pikipiki. Anayekuja humwachia nafasi ya pikipiki, na ubavu mzima wa gari usioonekana humkuta. Balbu ya akiba ndiyo dawa, na kama haipo, kulala hapo hapo ni bora kuliko kuendelea.

Taa zikizima njiani

Ikitokea zikazima ghafla mwendoni, dereva na ajue mambo matatu. La kwanza, azirushe taa za mbali mara moja. Mara nyingi uzi wake na waya wake ni mbali na vya taa za karibu, na kama tulivyoona kwa magari yale ya 2014, moja inaweza kufa na nyingine ikabaki. La pili, awashe taa za dharura zinazopepesa, aachie mafuta polepole bila kukata usukani, na atoke kabisa nje ya lami. Kubaki nusu ndani nusu nje ndiko kunakoua. La tatu, abiria washuke kwa upande wa porini, wakae mbali na gari, watoto washikwe mikono, na pembetatu ya onyo iwekwe nyuma kwa umbali wa kutosha. Tochi ya simu isimulikwe machoni pa gari linalokuja, imulike chini au kwenye nguo nyeupe. Kanzu au shela nyeupe huonekana mbali usiku. Buibui jeusi halionekani kabisa, kwa hiyo kina mama wasisimame ukingoni kusimamisha magari.

Katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, kwa hesabu za mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA. Si wote waliouawa na giza, na si kila gari kuukuu ni bovu. Gari la miaka 20 lililotunzwa laweza kuwa na nuru kuliko jipya lililopuuzwa. Kinachotakiwa ni kila nyumba iliyo na gari ichukue kitabu chake juma hili, isome namba ya chesisi, na iulize kama kuna barua iliyotumwa ambayo haikufika. Na usiku wa leo, baada ya Isha, lisogezeni gari mbele ya ukuta mzitazame taa zake.

Mola azilinde safari zenu. Wassalaam.